Mtoto kaniuliza jiwe lina miaka mingapi, sasa naitwa kikao. Nifanyeje?

KombeLaMaweni:
Habarini nyote, nina jambo limenikaa kooni naomba mnisaidie mawazo, matusi siyataki. Mie mkristo, nipo mwaka wa pili nasoma mambo ya bahari hapa Unguja na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Mwezi uliopita tuliwapeleka watoto Makunduchi, bahari imekupwa, tukakaa kivulini chini ya jabali tunakula mihogo yetu, kitoto kimoja cha miaka tisa kikawa kinakwangua jabali kwa kijiti mara kikaniita, "Mwalimu, kuna chaza humu!" Kweli, nusu ya gamba imo ndani ya jiwe kabisa na pembeni yake tumbawe lenye vile vitundu kama nyota, na pale ni juu kuliko maji ya bamvu yanapofika. Kaniuliza nani kalitia. Nikamwambia hakuna aliyelitia, hapa palikuwa chini ya bahari kama miaka 125,000 nyuma, bahari ilikuwa juu kuliko sasa. Akanitazama akasema, "Mbona baba anasema dunia ina miaka elfu sita?"

Baba yake mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata naambiwa nisiingie darasani mpaka kikao Jumamosi. Na kitu sijamwambia mtu, usiku mie mwenyewe nawaza, chuoni naandika hili kanisani naitikia lile, nimekuwa kama mwanamme mwenye nyumba mbili na hakuna inayojua habari za mwenzake.

Neno_Hai:
Mdogo wangu hapo umeteleza. Sayansi kila siku inabadilika, leo mayai mabaya kesho mazuri, Neno halibadiliki. Gharika ya Nuhu ilifunika milima, hizo chaza zililetwa na gharika. Omba msamaha yaishe.

Muwashi_Nungwi:
Mie si msomi lakini mawe hayo nayachonga tangu kijana. Gharika sibishani nayo ila maji yakipita kwa nguvu yanavunja na kuchanganya, sasa jabali ukilikata unalikuta tumbawe limesimama vile vile linavosimama likiwa hai, kichwa juu shina chini, na jingine limeota mgongoni kwake. Hilo halikumwagwa pale, limeota. Na tumbawe halina haraka jamani, nani hajui. Tena hao wa kikao wakumbuke kanisa la Mkunazini lenyewe limejengwa kwa matumbawe, wanasali ndani ya bahari ya zamani wallahi.

MamaKaroli:
Nimesomesha fizikia skuli miaka mingi na misa sikosi Minara Miwili. Neno_Hai, sayansi na kanisa si maadui, ile habari ya ulimwengu kutanuka unajua kaitoa nani? Padri, Georges Lemaître wa Ubelgiji, 1927 aliandika kuhusu kutanuka, 1931 akasema vyote vilianza kutoka kitu kimoja kidogo sana. Na Mendel, yule aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, alikuwa mtawa. Lakini wewe Kombe, hilo usiliegemee sana, watu wanapenda kutaja majina wakadhani wameshajibu, maana Galileo naye alihukumiwa na kanisa 1633 kwa kusema dunia inalizunguka jua na Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja kukiri hadharani 1992 kwamba pale palikosewa.

La maana zaidi kwako ni hili. Mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alisema mbele ya wanasayansi maneno ya kuifanya ile nadharia ya Lemaître kama ushahidi wa uumbaji, na Lemaître mwenyewe hakupenda. Padri mzima! Hakutaka hesabu zake zivalishwe kanzu. Kwake Biblia haikuletwa kufundisha fizikia na fizikia haimtafuti Mungu kwa darubini. Huyo nyumba zake mbili zilikuwa zinajuana.

Jirani_Kikwajuni:
Mie muislamu, nisameheni kuingilia ya watu. Sisi kila Ramadhani ikikaribia ni yale yale, mwezi wa hesabu au mwezi wa kuonekana. Wa falaki anajua mwezi unazaliwa saa ngapi na bado tunasimama ufukweni shingo juu, na hakuna aliyetoka kwenye dini kwa kujua hesabu. Ila sijaona hata siku moja mtu kashinda mjadala huo kwenye kikao. Nenda nyumbani kwa huyo mzee baba wa mtoto kabla ya Jumamosi, jioni hivi, na usichukue kitabu.

KombeLaMaweni:
Nimekwenda jana. Kanipa chai, nikamwambia mzee shikamoo, nimekosa kumjibu mtoto jambo zito bila ya nyinyi kujua, hilo langu, ila nilichokisema sikitengui. Akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Mara akaingia ndani akatoka na gamba la kombe kubwa hivi limeshikana na jiwe, kumbe alilichimba mwenyewe kwenye shimo la choo mwaka aliojenga, akaniambia "hili linanisumbua tangu siku hiyo". Miaka yangu hakuikubali. Kauliza moja tu: nani alikuwepo akahesabu? Mie nikababaika, chuoni tulipewa namba tu. Nani anaweza kunieleza kwa lugha ya mzee?

MamaKaroli:
Mwambie hivi. Maji ya bahari yana madini ya urani kidogo yameyeyuka ndani yake, madini ya thoriamu karibu hamna. Tumbawe likijijenga linainywa ile urani. Likishakufa urani inageuka thoriamu polepole kwa mwendo mmoja tu, kwa hiyo thoriamu unayoikuta humo imezaliwa humo humo. Ni ndoo chini ya mfereji unaodondoka, ukijua kwa saa moja yanaingia maji kiasi gani ukaikuta ndoo nusu, unajua imewekwa lini na wewe hukuwepo. Na umwambie na ubaya wake pia usifiche, jiwe likiingiliwa na maji ya mvua likabadilika hesabu inaharibika, ndo maana wanachagua tumbawe ambalo halijabadilika.

KombeLaMaweni:
Mfereji wa uani kwake unadondoka kweli, niliusikia jana wote tulipokuwa kimya. Ntaanzia hapo. Kikao bado kipo Jumamosi saa kumi.