Kusafisha beringi iliyofungwa na kuitia grisi upya

Swali (Kigamboni):
Ndugu mafundi, nimefungua mota ya pampu ya maji na kukuta beringi zake mbili za 6203-2RS (zenye vifuniko vya mpira pande zote mbili) zinazunguka kwa ugumu, ingawa hazichezi. Je, inafaa kuziosha na kuzitia grisi mpya?

Jibu (Gerezani):
Inafaa, ndugu yangu, iwapo gololi na njia zake hazijaliwa. Ingiza ncha ya pini kwenye ukingo wa ndani wa kifuniko cha mpira, ukinyanyue polepole bila kukipinda, kisha uoshe beringi kwa mafuta ya taa mara kadhaa, hadi yatoke bila weusi. Nakusihi usiizungushe kwa upepo wa kompresa ikiwa kavu, kwani gololi hukwaruzika. Grisi ijaze takriban theluthi moja ya nafasi iliyo wazi. Ikizidi, beringi hupata joto.

Jibu (Mbagala):
Vifuniko vya bati, yaani vya beringi zenye alama ZZ badala ya 2RS, mara nyingi hupinda vikitolewa. Zaidi ya hayo, hewa ya chumvi huko kwenu huleta kutu. Ukisikia mkwaruzo kidoleni baada ya kuosha, usiirudishe.

Muuliza swali:
Nashukuru sana. Moja inazunguka kimya; nyingine ina vidoa vya kutu kwenye njia ya gololi, nami nitanunua mpya Kariakoo.