Kikundi cha kusoma Zama za Kati kinanifia mikononi, naomba ushauri

Wakuu, naendesha kikundi cha kusoma na kujadili maandiko ya Zama za Kati chuoni. Tulianza watu 15, sasa tumebaki watano, na mmoja huja kuchaji simu tu. Wiki iliyopita tulisoma Magna Carta, ile hati ya mwaka 1215 iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza, vifungu vyote 63. Kosa langu, najua. Mwanafunzi wa uzamivu akang'ang'ania neno moja la Kilatini karibu nusu saa, wa mwaka wa kwanza wakasinzia. Kilichowaamsha ni kifungu cha 33, kinachoamuru mitego ya samaki iondolewe mto Thames: mfalme na samaki wapi na wapi? Je, nilete kurasa mbili tu, zisomwe palepale kwa sauti? Na huyu wa Kilatini nimtulizeje bila kumvunjia heshima?