Nimemhamisha mfanyakazi mjamzito kwa nia njema, sasa analalamika nimembagua. Naombeni ushauri

Mwajiri Mdogo:
Wakuu, habari za majukumu.

Nina kampuni ndogo ya kusambaza vifaa vya ofisi, wafanyakazi 14. Msimamizi wangu wa mauzo ni mama mmoja mchapakazi kweli. Mimba ilipofika miezi mitano nikaona kuzungukia wateja kutamchosha, nikamhamishia ndani, kwenye mafaili. Mshahara sikuugusa. Ila ndani hakuna kamisheni wala posho ya safari, kwa hiyo anachoondoka nacho mwisho wa mwezi kimepungua. Nafasi yake nimempa kijana aliyekuwa chini yake.

Juzi napokea barua: amebaguliwa, na nakala kapeleka kwa afisa kazi. Jamani, nilimhurumia tu!

Halafu kuna jingine linaninyima usingizi. Kwenye faili la usaili wa mwaka jana nimekuta mwandiko wa msaidizi wangu, kwa penseli, pembeni ya barua ya mwombaji mmoja: "Ana mtoto mchanga, atatusumbua." Huyo hatukumwajiri.

Naweza kumsimamisha huyu mama mpaka suala liishe? Nawasilisha.

Kimbunga:
Pole mkuu. Hiyo karatasi ya penseli choma, sahau. Na huyo mama mpe notisi yake. Biashara siyo ustawi wa jamii.

Kalamu Nyekundu:
Mkuu, huyo hapo juu atakuzamisha. Nimekaa idara ya utumishi miaka mingi, na mara nyingi niliona mwajiri haangushwi na lalamiko la kwanza, anaangushwa na alichofanya baada ya kulipokea. Ukimsimamisha leo, hata kama lile la kwanza ungelishinda, umezaa la pili: kulipiza kisasi. Hilo halihitaji wakili mkali, tarehe za barua zinatosha. Na ukichoma karatasi sasa unaharibu ushahidi. Faili lifungie kabatini kama lilivyo, penseli na yote. Mwombaji kazi naye analindwa, si lazima awe ameshaajiriwa.

Kuhusu nia njema: jiulize, asingekuwa mjamzito ungemhamisha? Jibu umeshaliandika mwenyewe. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, ambao zaidi ya nchi 170 zimeuridhia, unaangalia matokeo: je, mtu amepunguziwa usawa wa nafasi au wa kutendewa kazini? Kamisheni imeondoka, cheo kimeondoka. Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, wa uzazi, umebana zaidi: ukimwachisha kazi mjamzito au aliye kwenye likizo ya uzazi, wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba sababu haihusiani na mimba. Na akitoka likizo ana haki ya kurudi nafasi ileile, au inayolingana nayo kwa malipo yaleyale. Muulize wakili sheria ya kwenu imechukua kiasi gani humo.

Mama Wawili:
Swali dogo tu kaka. Ulimuuliza?

Mwajiri Mdogo:
Hapana dada. Niliona ni jambo linalojulikana.

Mama Wawili:
Linajulikana kwa nani? Mimba yangu ya kwanza nilitapika mpaka wiki ya mwisho na mauzo niliongoza. Ya pili nililazwa. Angekuja na barua ya daktari kwamba safari zinamdhuru, mngekaa mkatafuta njia. Wewe umejifanya daktari, na gharama ya dawa kalipa yeye.

Bwana Stoo:
Nidandie hapohapo. Mimi natafuta wa kubeba maboksi. Nayo nisiandike "mwanaume"?

Kalamu Nyekundu:
Andika uzito wa boksi na mara ngapi kwa siku, kisha wote wanaoomba uwapime kwa boksi hilohilo. Sharti ambalo kazi yenyewe inalidai halikatazwi. Ila angalia, hata sharti lisilotaja jinsia wala rangi linaweza kubagua. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power, ilikuta kampuni inadai cheti cha sekondari na mitihani kwa kazi ambazo wengine walikuwa wakizimudu vizuri bila cheti. Waliochujwa zaidi walikuwa weusi. Mahakama ikasema sharti la namna hiyo lazima lihusiane na kazi.

Kimbunga:
Haya, nimekaa kimya.

Mwajiri Mdogo:
Mrejesho wakuu. Nimekaa naye leo, akiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nimemrudishia wateja wake, na kamisheni aliyoikosa nailipa kwa wastani wa miezi sita iliyotangulia. Kijana amenuna, nitaongea naye.

Ameniambia yale mafaili wala hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba alijua amehamishwa asubuhi alipomkuta kijana anabandua jina lake mlangoni. Sikuwa na la kujibu.

Lalamiko sijamwomba aliondoe. Kalamu alinionya inbox nisithubutu. Jumatatu namwita msaidizi wangu na lile faili.