Unga wangu wa ugali wanaumwaga, handaki la unga wanalifukia nusu!

Wakuu, leo mnivumilie, nimevurugwa.

Jana narudi San Diego kwa miguu kutoka Tijuana, upande wa Mexico. Nilienda kung'oa jino, maana bei za meno huku Marekani unalia kabla ya sindano. Kwenye mkoba nina pakiti mbili za unga wa mahindi. Afisa kazichana zote mbili, kazamisha kidole, kanusa, kamwita mwenzake naye kanusa. Saa nzima nimesimama na pamba mdomoni, unga umenitapakaa hadi viatuni. Haya, sheria ni sheria.

Lakini unga wenyewe, ule wa kulevya, haupiti juu tu! Mei 2022 lilinaswa handaki la zaidi ya mita 500, kutoka Tijuana hadi ndani ya ghala Otay Mesa, huku San Diego. Lina reli, umeme na mitambo ya hewa. Kokeini peke yake karibu kilo 800. Aprili 2025 likakutwa jingine halijaisha, limepita chini ya kituo cha mpakani chenyewe. Mbwa wananusa malori juu, watu wanachimba mita 15 chini ya makucha yao!

Kinachonichefua zaidi ni huko kufukia. Likikutwa, Marekani wanamwaga zege upande wao. Upande wa Mexico, kwa miaka mingi, limekuwa likiachwa wazi, eti pesa hakuna. Sasa mchimbaji ana shida gani? Anarudi kwenye shimo lake lile lile, akifika kwenye zege anakata kona, anachimba kipande tu, anaibukia pengine. Na yameshafufuliwa hivyo, si mara moja.

Asije mtu kusema hawakuambiwa. 2017 wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walihesabu mahandaki 67 kwa miaka sita ya bajeti, 2011 hadi 2016. Wakapendekeza walinzi wa mpaka na wapelelezi waandike utaratibu mmoja wa kazi. Yaani handaki la kwanza kabisa, lile la Douglas, Arizona, ambalo mlango wake ulikuwa sakafu yenye meza ya puli inayonyanyuka, limekutwa 1990. Miaka 27 hawakuwa na hata karatasi moja ya pamoja?

Mwenye ndugu kwenye hivyo vikosi amuulize: ile nusu ya pili anaifukia nani? Na msiniletee ngonjera za ukuta, huo ukuta umeshuka mita ngapi?

Ugali wenyewe jana sikupika.