Najikamua hadi mwisho, mapigo ya moyo hayapandi

Kiatu_Kimechoka

Habari zenu wanambio. Mimi ni mwanaume wa miaka 46, huu ni mwaka wa tisa nakimbia. Si wa kutisha, ila barabara inanijua.

Kila Jumanne nina zoezi moja ambalo sijalibadilisha kwa miaka minne: mita 1000 mara sita, natembea dakika mbili kati ya kipande na kipande. Nalipenda kwa sababu halina unafiki. Namba zake naziandika kwenye daftari, na hilo daftari ndilo limenileta hapa. Mwaka jana wakati kama huu kipande cha sita nilikuwa nakimaliza kwa 4:20, mapigo 174 au 175. Jumanne iliyopita nimekimaliza kwa 4:33, mate yananata mdomoni, nimeinama nimeshika magoti. Naangalia saa: 156.

Wiki ya kwanza nilifurahi, nikajiona nina moyo wa farasi. Wiki ya pili furaha ikapungua. Hii sasa ni ya saba.

Kinachonichanganya ni kwamba kwenye mbio za taratibu tofauti ni ndogo tu, 129 badala ya 134. Nikianza kukaza ndipo inajitokeza, utadhani mtu kaniwekea dari. Napanda vizuri mpaka 150, 152, halafu basi. Pumzi inapaa, mapaja yanawaka, moyo umekaa unatazama. Asubuhi kabla sijatoka kitandani napata 47, zamani ilikuwa 53.

Nalala vizuri, uzito uleule, kifua hakiumi, sijawahi kuzimia. Situmii dawa yoyote. Najua hesabu ya 220 kutoa umri, inanipa 174, lakini mwaka juzi nimeona 181 kwa macho yangu nikimalizia kilomita 10. Kwa hiyo 156 kwangu si mwisho. Nini hiki?

Upepo_Mkia

Mkuu unalalamikia afya! Moyo ukizoea mazoezi, chumba cha kushoto kinapanuka, pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi, kwa hiyo mapigo yanapungua. Wenzako wanaitafuta hiyo 47 kwa udi na uvumba. Hongera, endelea.

Kocha_Mstaafu

Upepo_Mkia, soma tena alichoandika. Moyo uliokomaa hupunguza mapigo kwa kasi ILEILE, na mtu anajisikia mwepesi. Huyu kasi imeshuka sekunde 13 kwa kilomita, mapigo yameshuka, na bado anashika magoti. Hapo hakuna cha kumpongeza. Isitoshe mazoezi hushusha sana mapigo ya kupumzika na ya mwendo wa kawaida. Kile kiwango cha juu kabisa hakisogei hivyo, labda mapigo machache.

Ile hesabu ya 220 achana nayo. Watu wazima wenye afya hutofautiana nayo kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Umefanya la maana kujilinganisha na daftari lako mwenyewe.

Fundi_Saa

Kabla hamjampeleka hospitali: unapima kwa nini? Kama ni saa ya mkononi, ile inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kukisia mapigo kutokana na mwanga unaorudi. Ikilegea kidogo, au mkono ukiwa wa baridi, inasoma vituko. Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, ni bora zaidi, ingawa nao ukiwa mkavu au betri ikiisha unaruka mapigo.

Jipime kwa vidole. Ukimaliza kipande tu, weka vidole viwili shingoni upande mmoja (usibane pande zote mbili, utajizimisha), hesabu sekunde 10, zidisha kwa 6. Usihesabu dakika nzima, maana mapigo yanaporomoka mara tu unaposimama.

Kiatu_Kimechoka

Fundi_Saa, natumia mkanda, na huwa naulowesha. Hata hivyo nimebadilisha betri na leo nimehesabu kwa vidole kwenye vipande vitatu vya mwisho: 25, 26, 26. Yaani 150, 156, 156. Mkanda haudanganyi. Nilitamani sana udanganye.

Kocha_Mstaafu

Basi mimi nashuku uchovu uliolimbikizwa. Watu hudhani aliyejichosha kupita kiasi lazima mapigo yapande. Kwa wakimbiaji wa masafa mara nyingi ni kinyume: unakaza, unaumia, mapigo yanagoma. Mwili umeshika breki. Miguu ikiwa haina akiba ya wanga dalili inazidi, na wanaokula kidogo kuliko wanachotumia hupata pia mapigo ya chini sana asubuhi.

Dawa yake haina ufundi. Siku nane hadi kumi bila kukaza hata mara moja, kula mpaka ushibe, lala. Halafu rudia zoezi lako la Jumanne. Kama ni uchovu, mapigo yatarudi na kasi itarudi. Wasiotaka kupumzika ndio hukaa miezi wakihangaika, nimewaona wengi, nami nilikuwa mmoja wao.

Kiatu_Kimechoka

Narudi na majibu. Siku kumi kamili, nimekula kama mgeni wa harusi. Leo kipande cha kwanza kilikuwa kitamu, miguu mipya kabisa. Cha sita: 4:30, mapigo 157. Miguu imepona, dari ipo palepale. Sasa naanza kuogopa kidogo.

Nesi_wa_Usiku

Kaka, pole. Uliposema hutumii dawa yoyote, ulikuwa unafikiria vidonge? Nakuuliza tena taratibu: matone ya macho, dawa ya kuvuta, ya kupaka, mizizi ya kuchemsha, chochote ulichoanza miezi mitatu hii?

Kiatu_Kimechoka

Dada, matone ya macho ninayo. Nilikwenda kubadilisha miwani, wakanipima, wakasema nina presha ya macho. Tone moja kila jicho asubuhi, moja jioni. Nimetoka kuisoma chupa, imeandikwa timololi asilimia 0.5.

Na nimefungua daftari. Nilianza siku tano kabla ya ile Jumanne ya kwanza.

Lakini jamani, ni ya macho!

Nesi_wa_Usiku

Ndiyo hiyo. Timololi ni beta-bloka, ukoo mmoja na vidonge wanavyopewa wenye presha ya damu ili moyo utulie. Tone halibaki jichoni lote. Kwenye kona ya jicho karibu na pua kuna kitundu cha kupitisha machozi. Dawa inateremka humo, inafika ndani ya pua, inanyonywa na kuingia kwenye damu moja kwa moja. Kidonge angalau hupitia kwenye ini kwanza, likakipunguza nguvu. Tone halipiti huko.

Na ile dari yako inaelezeka. Ukikimbia taratibu, moyo hupandisha mapigo zaidi kwa kulegeza breki yake ya kawaida. Ukikaza, ndipo adrenalini inapokuwa na kazi kubwa ya kuusukuma. Beta-bloka imekalia viti ambavyo adrenalini ilitakiwa ikae. Ndiyo maana chini unaona tofauti ya mapigo matano, na juu unaona karibu ishirini.

SASA USIACHE MATONE. Presha ya macho inakula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, na uoni uliopotea haurudi. Rudi kwa daktari wa macho, mwambie unakimbia, muoneshe daftari. Zipo aina nyingine zisizogusa moyo. Mpaka umwone, ukishaweka tone fumba jicho na ubane ile kona karibu na pua kwa kidole, dakika mbili. Inapunguza kinachoteremka.

Na umwone daktari wa kawaida pia. Kupata mhalifu mmoja hakumaanishi nyumba haina mwingine. Tezi ya shingo ikilegea hushusha mapigo, na kwa watu waliofanya mazoezi mazito miaka mingi umeme wa moyo wenyewe huweza kuleta shida. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi. Mapigo yakianguka ghafla nusu nzima ukiwa unakimbia, mathalani kutoka 150 hadi 75, au ukisikia kizunguzungu au kutaka kuzimia, simama hapohapo na uende hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuuliza mtandaoni.

Upepo_Mkia

Nimekaa kimya nasoma. Ile hongera naiondoa.

Mlima_Mrefu

Samahani naingilia. Mama yangu anatumia chupa hiyohiyo, na ana pumu. Siku hizi anakohoa usiku, tulidhani ni vumbi.

Nesi_wa_Usiku

Mlima_Mrefu, hilo halisubiri. Wapigie leo waliomwandikia, uwaambie neno kwa neno: ana pumu na anatumia timololi. Dawa hii huweza kubana njia za hewa, na mwenye pumu hatakiwi kuipewa. Kifua kikibana au akihema kwa shida, mpeleke hospitali papohapo.

Kiatu_Kimechoka

Taarifa, maana sipendi mada zinazoachwa hewani.

Daktari wa macho alipitisha kidole kwenye ukurasa wa daftari, safu ya mapigo, kutoka juu mpaka chini, bila kusema kitu. Kisha akaniuliza mbona sikumwambia kwamba nakimbia. Nikamwambia hukuniuliza. Tukatazamana, tukacheka wote wawili. Amenibadilishia matone ya aina nyingine, mara moja tu usiku, na baada ya mwezi narudi apime kama presha ya jicho inashuka vilevile. Kipimo cha umeme wa moyo kimetoka safi, mapigo ya polepole tu kama ya mkimbiaji. Tezi iko sawa.

Leo ni wiki ya tatu bila timololi. Kipande cha sita: 4:24, mapigo 171. Zimebaki sekunde nne, hizo nadhani ni za zile siku kumi za kula kama mgeni wa harusi.

Dada Nesi, bado swali moja. Haya matone mapya yananiamsha na macho mekundu, na daktari kanionya kope zitarefuka. Za kope sijali. Wekundu je?

Nesi_wa_Usiku

Wekundu wa mwanzo ni kawaida kwa aina hiyo, mara nyingi hupungua wiki zikienda. Jicho likiuma au ukiona ukungu, usingoje huo mwezi. Na kona ya jicho uendelee kuibana, hata kwa haya.