Mjadala: Uenyekiti wa kijiji uwe wa waliofika kidato cha nne tu?

Wadau, habari za jioni. Naandika kutoka Newala. Ndugu yetu mmoja wa Masasi ametoa hoja kwamba kidato cha nne kiwe sharti la kugombea uenyekiti wa kijiji na udiwani. Anasema sharti hilo ndilo litakaloinua wanawake, maana wazazi watahimizika kusomesha mabinti. Kaka yangu, nakuheshimu, ila hapa nakupinga.

Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 67, inamtaka hata mbunge ajue tu kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Ukipandisha kipimo leo, huku kwetu wa kwanza kufungiwa mlango ni mama zetu. Wengi waliishia la saba, na si kwa kupenda. Nyumba ikiwa na ada ya mtoto mmoja, alikwenda wa kiume. Ndio hao hao wanaobeba vikoba, misiba na palizi ya mikorosho.

Bibi Titi Mohamed hakufika sekondari. Mwaka 1955 alipopewa kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mjini alifahamika kwa ngoma, na kwa kupitia vikundi vya ngoma aliwavuta wanawake wenzake wakachukua kadi. Kwa kipimo cha ndugu yetu, asingepata hata uenyekiti wa kijiji.

Shule ina kazi yake lakini, na nimeiona kwa macho. Mwaka juzi nilikuwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji kimoja huku uwandani. Wanaume kwenye mabenchi, akina mama kwenye mikeka. Mapato na matumizi yakasomwa mbiombio, karatasi ikakunjwa. Mama mmoja akasimama: "Mbona darasa limeishia kwenye lenta?" Akajibiwa kwamba hesabu zimeshasomwa, alikuwa wapi? Akakaa. Mama huyu alisomba mchanga na maji pale tangu msingi.

Ndipo binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, mtoto mgongoni, akaomba karatasi ile aishike mwenyewe. Akasoma kwa sauti: saruji, mifuko 80. Yule mama akainuka tena, akataja siku moja moja alizoona gari likishusha. Ikafika 50. Mkutano mzima ukasimama, na taarifa ikarudishwa ikaandikwe upya.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mama bila binti alinyamazishwa, na binti bila mama asingejua pa kuuliza. Sasa mnataka tumwondoe mmoja?

Tena cheti peke yake hakimfikishi mtu. Mchinga, hapo Lindi, walimchagua Salma Kikwete mwaka 2020, na ni mwalimu kwa taaluma. Lakini walimu wa kike tunao kila kata, na kwenye fomu za kugombea majimbo na kata ni wa kutafuta kwa tochi. Wanawake walio wengi bungeni wameingia kwa viti maalumu.

Mimi ningeanzia kwingine. Taarifa ya fedha ibandikwe wiki nzima kabla ya mkutano, kwa maandishi makubwa, watu waisome na kusomeana. Manyakanga wetu, yaani wakuu wa unyago, wakae na walimu wa shule ili unyago umalizike ndani ya likizo, binti asirudi darasani wenzake wamefika mbali. Na waliokatishwa na mimba waambiwe nyumba kwa nyumba kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu kurudi shule. Kuna wazazi huku bado wanaamini mlango umefungwa.

Yule binti nilimuuliza baadaye kama angechukua fomu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024. Akanijibu polepole, anamfunga mtoto kanga: "Nani atanisikiliza, dada? Sina mume, na nina mtoto."

Kaka wa Masasi, cheti unachokitaka anacho. Tumwambie nini?