Kilimanjaro Marathon, kilomita 42: kasi niigawe vipi hadi Mweka?

Lami_Moto: Wakuu, habari zenu. Nimejiandikisha kilomita 42 kule Moshi. Nusu marathoni ya tambarare, Dar, nakimbia 2:05. Lengo ni 4:30, ambayo nikigawa sawasawa ni 6:24 kwa kilomita. Niishikilie mwanzo mwisho? Na mazoezi ya mlima huku pwani nafanyia wapi?

Mteremko: Usiishikilie, mkuu. Nusu ya kwanza unatoka uwanja wa Ushirika, unashika barabara kuu ya kuelekea Dar na kurudi mjini, karibu tambarare. Mlima wa kuelekea Mweka, kijiji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, unakungoja baada ya hapo, jua limeshatoka. Unapanda kama kilomita 11, unageuza, kisha ni kushuka hadi uwanjani. Igawe hivi:

Km 0–21: 6:15, ufike kwa 2:11.
Km 21–32: 7:15, ufike juu kwa 3:31.
Km 32–42: 5:45, unaingia 4:29 na ushee.

Hiyo 7:15 ni wastani tu. Kwenye kipande kikali ikisoma 8:00, iache isome. Pima kwa pumzi: ukishindwa kutamka sentensi fupi, punguza. Wengi wanaharibu kwenye lami ya chini kwa kukimbia 5:50 kwa sababu miguu bado myepesi. Mlimani wanatembea, na mteremko unawakuta mapaja yamekwisha.

Chumvi_Kidogo: Hewa isikutishe, njia yote haifiki mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Adui ni joto. Kunywa mililita 400 hadi 600 kwa saa, kidogo kidogo kila kituo. Maji matupu lita kwa lita ni hatari, chumvi ya mwili inashuka: kichwa kinauma, tumbo linajaa, unaanza kuchanganyikiwa. Changanya na kinywaji chenye chumvi. Wanga gramu 40 hadi 60 kwa saa. Jeli moja, kile kipakiti cha wanga cha wakimbiaji, mara nyingi ina kama 25, ndizi ya wastani karibu hivyo hivyo. Anza dakika ya 40, na hakikisha umekula kabla mlima haujaanza, maana ukiwa unahema sana tumbo linakataa.

Mteremko: Mazoezi: nenda vilima vya Pugu. Mara moja kwa wiki, panda dakika 3 mara 6, baadaye mara 8, ukishuka polepole.

Lami_Moto: Shukrani. Sasa kushuka si ndiyo sehemu ya kupumzika?

Mteremko: Mapafu yanapumzika, mapaja hapana. Kila hatua paja linafunga breki huku likivutwa, na hapo ndipo misuli inachanika. Hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya mwili, usijirushe mbele. Fanya mbio mbili tatu zenye kilomita 5 za kushuka mfululizo. Ya mwisho iwe wiki 3 kabla, sambamba na mbio yako ndefu ya mazoezi ya kilomita 30.

Chumvi_Kidogo: Kucha kata siku mbili tatu kabla. Kamba za raba zifunge vizuri kwenye kifundo, kisigino kisicheze, la sivyo vidole vitagonga mbele kilomita 10 nzima. Na raba mpya usizivalie siku hiyo, hata kama zimekugharimu laki tatu.

Lami_Moto: Nikifika 21 kwa 2:06 je?

Mteremko: Umeshajichoma. Kilomita 3 za kwanza za mlima nenda 7:45, kula, kisha usikilize miguu inasemaje.